Kula nje na watoto wadogo Dodoma: maswali yanayoulizwa sana

Haya ndo maswali wazazi wa Dodoma wanaulizana kila ikifika Ijumaa, wengine wamehamia juzi na kazi za serikali, wengine ni wa hapahapa ila walikuwa hawajawahi kutoka na mtoto wa miaka miwili mpaka sasa. Anaejibu ni mama mwenye watoto wawili wadogo, anakaa Ilazo, kwa hiyo kama wa kwako wako sekondari mengi ya humu hayakuhusu.

Nitajie tu sehemu moja nzuri, si lazima maelezo mengi.

Jina moja litakuangusha, nakwambia ukweli. Sehemu ileile ukienda Jumapili saa 6 mchana utakuta familia, meza za kivulini zipo, weita anacheka na mwanao, rudi hapohapo saa 2 usiku utakuta spika mbili zimegeuziwa meza yako, mpira kwenye skrini na moshi wa sigara unatoka meza ya tatu. Kwa hiyo kabla hujauliza wapi jiulize saa ngapi. Mchana wahi saa 6, kabla watu hawajatoka kanisani, jioni fika saa 11 au 11 na nusu, jua la Dodoma linazama kama saa 12 na nusu hivi kwa hiyo mnakula kukiwa na mwanga na saa 1 mko njiani mnarudi. Muda huo jiko halijazidiwa, na mtoto hajafika ile hatua ya kulala na kulia kwa wakati mmoja.

Ukishapanga muda, sehemu zinazokufaa zinaongezeka zenyewe, hata zile ulizokuwa unaziita baa.

Sawa muda nimeelewa, ila sehemu yenyewe naijuaje kama inafaa kabla sijakaa?

Mimi naanzia chooni. Sijaagiza hata maji, namshika mtoto mkono tunaenda kunawa, hapo nishajua kila kitu. Bomba linatoa maji au kuna ndoo na kopo? Dodoma maji yanatoka kwenye visima vya Mzakwe huko bonde la Makutupora na mji umekua haraka, sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 jijini, ya 2022 ikahesabu 765,179, kwa hiyo mgao si kitu cha kushangaa. Mwenye akili kaweka simtanki na maji yake hayakatiki, asiejali utamjua kwa harufu. Sehemu ambayo imeshindwa kuweka maji ya kunawa mteja sitegemei kwamba huko nyuma mpishi ananawa.

Cha pili uzio. Migahawa mingi mipya ya hapa imejengwa kwenye viwanja vilivyokuwa vya makazi, paking imewekwa mbele na meza zimeanzia palepale paking inapoishia, sasa mtoto wa miaka mitatu akichomoka kwenye kiti hatua tano tu yuko nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume. Chagua meza ya ndani kabisa, mbali na geti, na mzazi mmoja akae upande ambao mtoto akitaka kukimbia lazima ampite yeye.

Cha tatu ni jiko la mkaa. Sehemu nyingi za choma jiko liko wazi nje na watoto wanalipenda balaa kwa sababu lina moto. Uliza liko wapi kabla hujachagua meza.

Viti virefu vya watoto usivitegemee sana, kwenye hoteli kubwa utavipata, kwingine utaletewa viti viwili vya plastiki vimepandishwa kimoja juu ya kingine. Vinafaa, ila vikague kwanza, vikiwa na ufa vinambana mtoto paja.

Sehemu yenye bembea ndo bora si ndio?

Si lazima. Bembea nyingi zimewekwa kumvuta mtoto ili mzazi akae sana anywe sana, na zimewekwa kona ambayo ukiwa mezani huioni. Bembea usiyoiona ni kazi ya ziada kwako, utakula umesimama. Alafu mchana bembea za chuma za Dodoma zinachoma, weka kiganja chako kwanza kabla hajapanda.

Bora mchezo na kula mtenganishe. Wapeleke Chinangali Park au Nyerere Square wakimbie mpaka wachoke, ndo muende kula. Nyerere Square iko katikati ya mji, sehemu za chakula zote za mjini ni karibu, na mtoto aliekimbia saa nzima anakaa mezani bila hata kuombwa.

Chakula kinachelewa sana, watoto wanaanza kulia kabla hakijafika. Tufanyeje?

Hapa ndo penye shida yenyewe, ukiniuliza mimi asilimia kubwa ya watoto tunaowaita wasumbufu mgahawani wana njaa tu. Mtu mzima anaweza kusubiri kuku saa nzima na nusu anapiga stori, mtoto hawezi na hatakiwi kuweza.

Kwanza acha kuuliza "mna nini?". Weita atakusomea menyu yote kuanzia pizza mpaka samaki wa kupaka na nusu yake haipo. Uliza "saa hizi kipi kiko tayari?". Utaona anageuka kuangalia jikoni, anahesabu kwa vidole: wali upo, maharage yapo, ndizi nyama ipo, mtori umebaki kidogo. Hapohapo agiza cha watoto, wali na maharage au mtori, mwambie ulete sasa hivi usisubiri vyetu. Hii lazima uiseme kwa mdomo maana wao wamezoea kuleta vyote pamoja kwa heshima, wataweka wali wa mtoto pembeni upoe ukisubiri makange yako.

Nyie wakubwa agizeni mnachotaka, kuku wa kienyeji, mbuzi, chochote, mkijua ni cha kusubiri. Kuku wa kienyeji akichemshwa haraka anakuwa mgumu hata kwa meno ya baba. Ukitaka mchemsho wa kienyeji kwa ajili ya watoto (na ni chakula kizuri sana kwao, kuku laini, viazi, karoti, supu yake) piga simu lisaa kabla, namba zao ziko Instagram au zimeandikwa getini, sema tunakuja saa fulani tuko watu kadhaa muanze kupika. Wengi wanakubali, wakiomba utangulize hela kidogo tuma, utakuta meza ishawekwa.

Na beba kitu cha dharura. Ndizi mbivu mbili kwenye begi hakuna mgahawa utakaokukatalia.

Wangu anakula chipsi tu, mtoto wa chipsi.

Ale chipsi. Siku moja ya kutoka haimuharibu mtu. Ila chipsi mayai, ile zege ya vijana wa chuo kikuu cha UDOM, ni bora kuliko chipsi kavu na soseji kwa sababu ina yai ndani, mwambie asitie chumvi nyingi na tomato sosi akuletee pembeni. Soseji ukimpa ikate kwa urefu kwanza, usimkatie yale mapande ya mviringo.

Soda mimi sinunui nikiwa nao, naagiza maji makubwa na juisi moja tunagawana, tena juisi naulizia kama imechanganywa na maji ya chupa au ya bomba. Wengine watasema naringa, poa tu.

Mtoto ana miezi saba, nae anaweza kula mgahawani?

Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Kuanzia miezi sita ndo anaanza kula vilaini huku anaendelea kunyonya. Kwa hiyo wa miezi saba mnaweza kumpondea viazi, ndizi au maharage yaliyoiva vizuri, tatizo ni kwamba chakula cha mgahawa kina chumvi na mafuta na kile kiungo cha mchuzi cha kwenye pakiti. Beba cha kwake nyumbani kwenye chupa ya moto, ni rahisi kuliko kubishana na jiko. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata kijiko cha kulambisha, asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga.

Kunyonyesha nyonyesha popote, kitenge begani inatosha. Unachohitaji ni kiti chenye mgongo tu, zile stuli za kaunta zitakuua kiuno.

Zabibu si ndo tunda la Dodoma, naweza kuwapa kama vitafunio tukisubiri?

Wape ila zikate. Hapa tuna zabibu kila kona, barabarani wanauza kwenye ndoo na vifuko, na watu wanamrushia mtoto wa mwaka na nusu zabibu nzima mdomoni. Zabibu nzima ina ukubwa wa koo lake kabisa, laini, inateleza, ikikwama inaziba kama kizibo. Kwa wa chini ya miaka mitano kata kwa urefu vipande vinne. Karanga nzima nazo zisubiri mpaka hiyo miaka mitano, na ubuyu wa rangi wenye kokwe ni wa wakubwa, mdogo hajui kutema kokwe. Mishkaki ivue kwenye kijiti ukiwa bado umeishika wewe.

Akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, usimtie kidole mdomoni kutafuta, unaweza kusukuma ndani zaidi. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige kati ya mabega mara 5, haijatoka mgeuze, sukuma katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia. Wa zaidi ya mwaka mpige mgongoni mara 5, haijatoka simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia mpaka itoke huku mtu mwingine anatafuta gari. Wafundishe na baba na dada, si mama peke yake.

Chako ni Chako inafaa watoto?

Kila mgeni wa Dodoma anaambiwa akale kuku Chako ni Chako, kwa hiyo swali halikwepeki. Kuku wao watoto wanamuweza, chipsi na ndizi zipo. Ila pale ni kelele, watu wengi, magari yanasogea, na utamu wake wenyewe ni wa usiku. Mimi na watoto naenda jioni mapema au nanunua nabeba, tunakula nyumbani kwenye mkeka. Kubeba si kushindwa, jamani.

Na mnada wa Msalato?

Msalato ni Jumamosi, na kwa upande wangu kwa watoto wa kuanzia miaka minne hivi hakuna mgahawa wa mjini unaoufikia. Wanaona ng'ombe na mbuzi wanauzwa, wanaona mitumba, wanaona baba yao anabishana bei ya paja la mbuzi kama vile hajawahi kuwa na hela. Nyama inachomwa mbele yako na wewe ndo unachagua ipi, inakuja kwenye sinia au ubao, inakatwa hapohapo, chumvi pembeni, pilipili pembeni, ugali au ndizi.

Sasa maandalizi. Nenda asubuhi saa 4 au 5, mchana jua ni kali na vumbi limeshaamka, na kadri siku inavyoenda pombe nazo zinaongezeka. Beba maji ya kunawa na sabuni yako, beba kofia, beba kijisu chako na kibakuli maana nyama ya mnada ni ya kutafuna haswa, mtoto mkatie vipande vidogovidogo kufuata yale mafuta mafuta au mpe ini. Mvalishe nguo ya rangi kali, njano au nyekundu, umuone kwenye watu. Choo usikitegemee kwa mtoto, akojoe kabla hamjatoka. Wa chini ya miaka miwili muache na bibi.

Upepo na vumbi je?

Dodoma ni Dodoma. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiku ni baridi na upepo, watu wa Dar wanaokuja na vikaptula wanashangaa. Kaa sehemu yenye ukuta upande mmoja au ndani, beba sweta, funika sahani ya mtoto kwa sahani nyingine mpaka atakapoanza. Masika ya hapa ni kuanzia Desemba hadi Aprili, shida inakuwa tope na mbu, vaa soksi.

Kuna wiki migahawa yote imejaa, nini kinaendelea?

Bunge. Kikao cha bajeti kinaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na kuna vikao vingine vifupi miezi mingine, siku hizo sehemu nzuri za Area C, Area D, na kule Kisasa zinajaa jioni za katikati ya wiki, wanakaa watu wa mikutano wanaongea na simu. Wikiendi wengi wanarudi kwao, kwa hiyo familia tutoke Jumamosi na Jumapili. Mwanzoni mwa Agosti nayo angalia, Nanenane pale Nzuguni inavuta watu wa mikoa yote ya kanda ya kati.

Baba watoto anataka bia na mpira, mimi nataka watoto wale. Tunapatana vipi?

Mechi ya saa 10 jioni ni zawadi kutoka mbinguni. Ya saa 1 usiku na kuendelea aende mwenyewe na wenzake, na iwe ni zamu, wiki ijayo na wewe uende na wenzio abaki nao. Kumkalisha mtoto wa miaka miwili kwenye baa mpaka saa 4 ili mtu mmoja aangalie derby, hiyo haiitwi kutoka na familia.

Na anaeendesha gari asinywe, hilo halina mjadala, watoto wako nyuma.

Wageni wanakuja na treni ya SGR kutoka Dar na watoto wao, tuwapeleke wapi siku ya kwanza?

Tangu treni ianze kufika Dodoma Julai 2024 wageni wa wikiendi wameongezeka kweli. Siku ya kwanza wale nyumbani. Watoto wametoka kwenye safari, wamekula biskuti njia nzima, hawana njaa wala hawana adabu. Siku ya pili wape kitu ambacho Dar hawakipati kirahisi, ugali wa uwele au mtama na mlenda kwa mama lishe anaejua kupika chakula cha Kigogo. Watoto wengi wanaupenda mlenda sababu unateleza na unavutika, weka tishu za kutosha. Samaki wa bwawa la Mtera nao wapo ila kwa mdogo chambua miiba wewe mwenyewe kwa vidole, usiamini macho.

Dada wa kazi tunaenda nae?

Ndio, na anaagiza anachotaka kwenye menyu hiyohiyo, anakula cha moto wakati na nyie mnakula. Kama mmempeleka ashike mtoto huku nyie mnatafuna, na yeye atakula mabaki yaliyopoa, basi semeni tu mmempeleka kazini. Nimeona meza moja watu sita wana sahani, dada anabembeleza mtoto amesimama kando ya nguzo, na weita anaona aibu kuuliza kama nae aongezewe. Siwezi kuisahau ile meza.

Watoto wakipiga kelele watu wanatuangalia.

Waangalie. Mtoto kucheka na kuongea kwa sauti si kosa. Kosa ni kurusha chakula, kukimbia katikati ya weita wenye supu ya moto, na kuwekewa katuni kwa sauti ya mwisho meza nzima tusikie. Akianza kulia kweli mtoe nje dakika kadhaa, atulie, rudi. Na kabla hamjaondoka okota tishu na mifupa iliyoanguka chini ya kiti chake, siku nyingine weita huyohuyo ndo atakaekimbia kukuletea wali.

Bili inakuwa kubwa, tunapunguzaje?

Sahani moja ya wali nyama ya hapa inalisha watoto wawili wadogo, omba sahani tupu ya ziada na vijiko viwili, hakuna anaekasirika. Mambo ya maji na soda ndo yanapandisha bili kimyakimya. Uliza bei ya samaki kabla hajakaangwa maana samaki anauzwa kwa ukubwa wake. Dai risiti, na kama unalipa kwa lipa namba angalia jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Na kula kwa mama lishe si aibu, mama mwenye sufuria zinazofuka moshi na foleni ya mafundi saa 6 mchana chakula chake kinatembea, hakilali, kwangu ni salama kuliko bafee ya hoteli iliyokaa vuguvugu tangu asubuhi.

Usafiri, hatuna gari.

Bajaji, na kubaliana na dereva kabisa muda wa kuja kuwachukua, chukua namba yake. Mtoto akae katikati ya wakubwa wawili, si pembeni. Bodaboda ya watu wanne na mfuko wa chipsi hapana.

Tunataka kufanyia bethdei ya mtoto mgahawani, tuanzie wapi?

Uliza mambo matatu kwa simu: wanaruhusu keki ya nje, wanatoza nini kwa keki ya nje, na siku hiyo kuna muziki wa laivu au la. Panga saa 8 mchana mpaka saa 11. Watoto wale kwanza ndo keki, ukianza na keki ule wali utaurudisha nyumbani wote. Mapulizo ya hewa yale yakipasuka okota vipande haraka, vidogo vinaingia mdomoni.

Na mtoto akilala kabla chakula hakijafika?

Mwache alale. Unganisha viti viwili ukutani, tandika kitenge, cha kwake mwambie weita akifunge, na wewe kula taratibu chakula chako kikiwa bado cha moto, nafasi hiyo haiji kila wiki.